HFC-23: gesi iliyotangazwa kupungua ikazidi kupanda

Fundi yeyote wa viyoyozi anaijua R22, gesi ya kupozea. HFC-23 hataikuta kwenye mtungi, kwa sababu ni taka: hujitokeza kiwandani wakati R22 inapotengenezwa. Soko lake ni dogo, hivyo kwa miaka mingi viwanda viliiachia tu ipae. Kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 12,000 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi, nayo hukaa angani zaidi ya karne mbili.

Dawa yake inajulikana: iteketezwe kwa moto mkali palepale kiwandani. China na India, wazalishaji wakubwa wa R22, zilitangaza mipango ya kufanya hivyo. Kwa mujibu wa taarifa zao, gesi iliyotoka duniani kote ilipaswa kushuka kwa karibu asilimia 90 kati ya 2014 na 2017.

Hewa ilionyesha kinyume. AGAGE, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kupima gesi za hewani, hupima mahali penye upepo safi wa bahari, kama Mace Head nchini Ireland na Cape Grim huko Tasmania. Mtambo huvuta hewa, huipoza mno mpaka gesi zinazotafutwa zinase, kisha huzitenganisha moja moja na kuzipima. Mwaka 2019 HFC-23 ilikuwa kama molekuli 32 tu katika kila trilioni moja za hewa. Lakini kwa kuwa haiozi upesi, tunaisoma kama daftari la deni dukani: hakuna anayelipa, kwa hiyo jumla ikipanda, kuna aliyekopa.

Mwaka 2018 pekee deni hilo liliongezeka kwa takribani tani 15,900, kiwango kikubwa kuliko mwaka wowote uliotangulia. Ama uteketezaji haukufanyika kama ulivyoripotiwa, ama kuna uzalishaji usioripotiwa. Vituo vya mbali haviwezi kumtaja mhusika. Kwa hilo vinahitajika vya jirani, kama Gosan kisiwani Jeju, Korea Kusini, ambako hufika upepo wa mashariki mwa China.

Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, yaliyopitishwa nchini Rwanda Oktoba 2016, yanataka HFC-23 iteketezwe kuanzia 2020 “kadiri inavyowezekana”. Kwa maoni yangu, maneno hayo yameacha mlango wazi mno. Kifungu chenye meno zaidi ni kile cha takwimu: kila mwaka nchi mwanachama itaje gesi iliyotoka katika kila kiwanda. China na India zimeridhia tangu 2021.