Meli Iliyokutwa Chini ya Sakafu ya Karakana

Mwaka 1995, katika ukarabati wa banda moja la mbao huko Chatham, kusini-mashariki mwa Uingereza, mafundi walifumua sakafu wakakuta meli. Haikuwa nzima. Yalikuwa mataruma, mihimili na mbao za ubavu, vipande vinene vya mwaloni vilivyolazwa kwa mpango.

Banda hilo linaitwa Karakana ya Mafundi Magurudumu, nalo limo ndani ya kiwanda cha kale cha manowari kando ya Mto Medway. (Neno manowari lenyewe tulilipata kwa mabaharia wa Kiingereza.) Lilijengwa mnamo 1786, katika zama za wafalme wanne waliofuatana kwa jina la George, kuanzia 1714 hadi 1830. Ukitaja majengo ya zama hizo, wengi wanaona matofali mekundu, madirisha yaliyopangwa kwa mizani na mlango wa heshima. Hayo Chatham yapo pia: ni nyumba za maofisa. Karakana haikujengwa ipendeze. Kuta zake ni mbao za kulala zilizopandiana kama magamba ya samaki ili mvua iteleze, na ndani ni behewa tatu pana, yaani kumbi ndefu zilizolala sambamba.

Umbo hilo lilitokana na mlingoti. Jengo lilikusudiwa mafundi wa milingoti, na mlingoti haupiti kwenye kona. Unahitaji sakafu ndefu iliyonyooka, mlango mpana na nafasi ya watu kuuzunguka wakiwa na tezo. Miti yenyewe ilihifadhiwa kwenye mabwawa ya maji ndani ya kiwanda, isije ikakauka na kupasuka. Vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimeikatia Uingereza misonobari mikubwa ya ng'ambo ile, kwa hiyo ilizidi kuwa lazima mlingoti mkubwa uungwe kwa vipande vingi na kufungwa kwa pete za chuma. Kazi ya kuunga hutaka nafasi kuliko ya kuchonga gogo moja.

Hata mifupa ya banda ni ya kuokoteza: baadhi ya mbao zake zilitoka kwenye meli zilizobomolewa. Ukikuta boriti yenye matundu yasiyoshika kitu, ujue iliwahi kufanya kazi nyingine kabla ya kuezekewa paa.

Baadaye behewa ziligawanywa. Mafundi magurudumu, walioliachia jengo jina lao, walishughulikia mikokoteni ya kiwandani. Upande wa mashariki kulikuwa na mafundi wa pampu, waliotoboa gogo la mti uitwao elmi kutoka ncha hadi ncha, maana mti huo ukikaa majini muda wote hauozi upesi. Pamoja nao walikuwa watengenezaji wa vigingi, na hao ndio wanaonivutia zaidi. Kigingi ni kipande cha mwaloni mkavu kilichochongwa mviringo, kirefu kuliko mkono wa mtu mara nyingine. Hugongwa kwa nyundo hadi kitokeze upande wa pili, kisha kichwa hupasuliwa na kutiwa kabari ndogo. Kikilowa huvimba, kikajikaza chenyewe. Msumari wa chuma ungeliwa na tindikali iliyomo ndani ya mwaloni, lakini kigingi huzeeka pamoja na ubao wake. Manowari moja ilihitaji maelfu ya vigingi.

Kuitambua meli ya sakafuni kulichukua miaka. Alama walizokwaruza maseremala, ukubwa wa mbao na kumbukumbu za kiwanda vililinganishwa, na mwaka 2012 jina likatangazwa: Namur, manowari ya mizinga 90 iliyoshushwa majini hapohapo Chatham mwaka 1756 na kubomolewa hapohapo mwaka 1833. Mwaka 1759 ilipigana na Wafaransa karibu na Lagos ya Ureno, si ile ya Nigeria, ikapoteza mlingoti wake wa nyuma. Kati ya waliobeba baruti kwenye sitaha siku hiyo alikuwamo Olaudah Equiano, kijana Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa ofisa mmoja melini. Alijinunulia uhuru mwaka 1766, na baadaye akaisimulia vita hiyo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka London mwaka 1789.

Wapo wanaoamini kwamba mafundi waliizika Namur kwa heshima. Mimi naona sakafu ilihitaji mhimili na mwaloni mzuri ulikuwa umelala uani. Watu waliojenga banda kwa mbao za meli wasingeona ajabu kuitandika meli nyingine chini yake. Lakini sikatai kwamba aliyezipanga alijua ni za nani. Tangu 2016 wageni huziona mahali palepale zilipokutwa.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1984. Kabla ya hapo, mwaka 1840, kilikuwa kimeshusha majini manowari nyingine ya mbao, London, ambayo wazee wa Zanzibar wa karne ile waliijua vizuri. Katika miaka ya 1870 iliwekwa bandarini Unguja kama kituo, na mashua zake zikawa zinatoka kuyawinda majahazi ya watumwa hadi Pemba. Iliuzwa na kuvunjwa mwaka 1884, mbao kwa mbao, kama Namur.