Maana ya sumu, na kwa nini kitunguu kimo

Jikoni kwetu Amu, yaani Lamu, neno "sumu" limebaki na maana moja: ile ya panya. Iko kwenye pakiti, ina picha ya fuvu, huwekwa juu mbali na watoto. Vilivyobaki vyote ni chakula, au dawa, au sabuni. Mwambie mtu asimwachie paka sufuria ya mchuzi ailambe, atakujibu, "Kwani nimetia sumu?" Ukiongeza kuwa kitunguu kinaweza kumuua paka, basi umesoma ukapitiliza. Yeye anakula kitunguu tangu aachishwe ziwa, na paka wa mji huu wanakula mabaki ya jikoni tangu nyumba hizi zijengwe. Ukiwa na bahati utamaliziwa na ile ya kwamba paka ni mjanja, hali kitu cha kumdhuru.

Sumu ni kitu chochote ambacho kikiingia mwilini kwa kiasi fulani huvuruga kazi za mwili kwa njia ya kikemia. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina mengi. Tangu karne ya 16 tabibu Paracelsus alishasema kwamba kinachotenga sumu na kisicho sumu ni kipimo, na hilo wengi wameshalishika: hata chumvi ikizidi inadhuru, hata maji. Lakini wamelishika nusu. Nusu ya pili, ambayo ndiyo inayoua paka, ni swali la mwili: sumu kwa nani? Hakuna kitu kilicho sumu hivihivi tu, pasipo mwili wa kukipokea, na mwili wa paka si mwili wa mtu uliopunguzwa ukubwa.

Mama mmoja mtaani kwetu, mtu mzima, mwenye huruma na paka kuliko wengi, alimwona paka wake akichechemea. Akavunja kidonge cha parasetamoli katikati, nusu akaisaga kwa mgongo wa kijiko, akaichanganya na kinofu cha samaki aina ya changu. Paka akala, akalamba na sahani. Magharibi uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo, anahema kwa kifua kizima, na ukiinua mdomo fizi hazikuwa tena za waridi, zilikuwa za kahawia. Hakufika asubuhi. Alipoelezwa kuwa ni kile kidonge, mama yule alisema maneno ambayo ndiyo hasa yanayonifanya niandike: "Lakini nilimpa nusu tu. Tena ile ni dawa, si sumu."

Tuanze na hiyo nusu. Mtu wa kilo 60 akimeza vidonge viwili vya miligramu 500, kama tunavyomeza wengi kichwa kikiuma, anapata miligramu 17 hivi kwa kila kilo ya mwili wake. Paka wetu ni wembamba, wengi hawazidi kilo 3. Nusu ya kidonge inampa zaidi ya miligramu 80 kwa kilo. Hapo mtu atasema, basi kosa ni kipimo, angempa chembe. La. Kwa paka madhara yameshaonekana hata kwa miligramu 10 kwa kilo. Yaani ukikaa na mizani ukamgawia kwa uwiano wa uzito sawasawa na unavyomeza wewe, bado unaweza kumdhuru. Kipimo peke yake hakitoshi kueleza jambo hili.

Kinacholieleza ni ini. Ini la binadamu likipokea parasetamoli huifanyia kazi kwa njia zaidi ya moja, na iliyo kubwa ni kuipachika asidi ya glukuroniki, kitu kinachotokana na sukari, ili iyeyuke vizuri katika maji na itoke na mkojo. Upachikaji huo unahitaji kimeng'enya, na kimeng'enya kinahitaji jeni la kukitengeneza. Paka analo jeni hilo, linaitwa UGT1A6, lakini limeharibika na halifanyi kazi. Hamali hayupo, mzigo unabaki gatini. Parasetamoli iliyokosa njia hiyo huchukua njia nyingine, ambayo inazaa vitu vya kuharibu ini na chembe nyekundu za damu. Hemoglobini hubadilika ikawa ya namna isiyobeba oksijeni, damu ikaingia ukahawia, na ndiyo ile rangi ya fizi. Maelezo ya watafiti kuhusu jeni lenyewe yanaingia akilini: mababu wa paka walikuwa wala nyama watupu, hawakuwa wakila majani na matunda yenye kemikali nyingi za mimea, basi kifaa cha kuziondoa kikakosa kazi na kikaharibika bila mwenyewe kupungukiwa na kitu. Hakupungukiwa mpaka alipokuja kuishi na sisi.

Na upungufu huohuo haukomei kwenye kidonge. Mafuta ya karafuu, ambayo huku pwani ni dawa ya jino na wengine huwapaka paka wakidhani wanafukuza viroboto, yana eujinoli, nayo ni ya jamaa ya fenoli, kemikali ambazo ini huziondoa kwa upachikaji huohuo. Dawa ya kupigia deki ile inayogeuka nyeupe kama tui ukiitia majini, nayo ni jamaa hiyohiyo. Paka hahitaji kuinywa. Anapita juu ya sakafu mbichi, anakaa kwenye daka, anaanza kujilamba nyayo kidole kwa kidole kama ilivyo ada yake, na kilichokuwa sakafuni sasa kimo tumboni. Ukipiga deki kwa dawa hiyo, suuza kwa maji matupu na mfungie nje mpaka pakauke.

Sasa kitunguu. Hapa hadithi si ya ini, ni ya damu yenyewe. Vitunguu maji, thomu (kitunguu saumu) na ndugu zao wote wana misombo ya salfa ambayo, ikishameng'enywa tumboni, huishambulia hemoglobini. Hemoglobini ya binadamu ina sehemu mbili tu zinazoshambulika kirahisi namna hiyo. Ya mbwa ina nne. Ya paka ina nane. Hemoglobini iliyoharibiwa huganda vidonge vidogo ndani ya chembe nyekundu, vinavyoitwa vidonge vya Heinz kwa jina la daktari wa Ujerumani aliyevieleza mwaka 1890, na chembe yenye vidonge hivyo hupasuka kabla ya wakati wake. Zikipasuka nyingi, paka anaishiwa damu huku hana jeraha.

Kiasi kinachotajwa na madaktari wa wanyama ni kama gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya paka. Kwa paka wa kilo 3 hiyo ni gramu 15, na kitunguu kimoja cha wastani kina gramu 100 au zaidi. Thomu ni kali kuliko kitunguu mara kadhaa. Kupika hakuondoi kitu, kukausha hakuondoi kitu, na unga wa kitunguu ule wa kwenye viungo vya pakiti umejikusanya zaidi kuliko kitunguu kibichi.

Ninapofika hapa huambiwa, "Lakini mimi vitunguu huvitoa." Hebu itazame sufuria ya mchuzi wa samaki ilipokwisha kupakuliwa. Vitunguu ulivikaanga mpaka vikayeyuka, huvioni tena. Kilichoshika chini na pembeni, ile rojo ya rangi ya kutu inayong'ang'ania mwiko, ni kitunguu, thomu, nyanya na mafuta vilivyokwisha kuwa kitu kimoja. Ndiyo sehemu tamu kuliko zote na ndiyo anayoachiwa paka. Samaki wa kupaka ni vivyo hivyo: nyama ya ndani haina neno, ila ngozi imebeba thomu yote uliyoitwanga pamoja na tangawizi na pilipili.

Tena kitunguu hakiui siku hiyohiyo, na hapo ndipo kinapopata ushahidi wa uongo wa kukitetea. Alikula juzi, jana alikuwa anacheza, kwa hiyo hakikumfanya kitu. Chembe za damu huchukua siku kadhaa kuharibika na kupasuka. Siku ya tatu au ya nne paka analala tu, hataki kula, fizi zimepauka au zimeingia umanjano, mkojo umekolea. Mwenye nyumba atasema amekumbwa, au amepigwa na watoto, au amekula kitu huko nje. Mchuzi wa siku nne nyuma haumjii akilini.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba tuna sifa nyingi njema za chakula na tunazichukulia kama ni sifa moja. Kitunguu ni halali. Ni kisafi. Ni cha asili, kimetoka ardhini. Ni dawa pia, bibi zetu walitibia kifua nacho. Yote kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali la damu ya paka. Hata twahara ya paka mwenyewe, ambayo kila aliyepita chuoni anaijua, kwamba paka akinywa maji ya udhu hayanajisiki, ni hukumu ya maji na ya ibada. Haisemi kitu kuhusu kinachomfaa yeye kula. Na neno "asili" ndilo baya kuliko yote, maana samaki aitwaye bunju naye ni wa asili kabisa. Mvuvi wa hapa anamjua na anamtupa, kwa sababu sumu yake haiondoki kwa moto. Bunju ni sumu kwetu na kwa paka. Kitunguu ni sumu kwa paka na si kwetu. Na iko sukari ya viwandani, zailitoli, inayotiwa kwenye ubani wa kutafuna usio na sukari, ambayo inaweza kumuua mbwa lakini kwa paka haijaonekana kufanya hivyo. Orodha ya sumu za mbwa si orodha ya paka, ijapokuwa watu huzinakili pamoja.

Upande wa pili nao una makosa, ya kuita sumu kila kinachomuumiza paka jikoni. Mwiba wa samaki uliomkwama kooni si sumu. Mafuta ya mahamri yaliyomrukia si sumu. Meno ya mbuzi ya kukunia nazi, ambayo paka huyaendea kwa sababu ya machicha, yatamchana ulimi tu. Hata maziwa ya ng'ombe yanayomharisha si sumu: paka wengi wakishakua hawana tena uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na shida huishia tumboni. Nisingelisumbukia hili lingekuwa ni neno tu, ila kila kinachoitwa sumu kina tiba moja inayojulikana mtaa mzima, nayo ni "mpe maziwa, hukata sumu." Au madafu. Au chumvi na maji atapike.

Maziwa hayakati sumu. Parasetamoli haikatwi kwa maziwa wala kitunguu hakikatwi kwa dafu. Chumvi nyingi kwa mnyama wa kilo 3 ni sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na aliyelamba mafuta ya taa yaliyomwagika kando ya jiko la stovu, ukimtapisha ndiyo umemmaliza, kwa kuwa hatari kubwa ya mafuta ya taa ni kuingia mapafuni, na kutapika huyapa njia. Kuna mkaa wa dawa ambao daktari huutumia kuzuia sumu tumboni, lakini umetengenezwa makusudi. Kaa la jikoni lililosagwa silo.

Hata ile sumu tunayoijua sote, ya panya, hatuijui vizuri. Nyingi ya hizo huzuia damu kuganda, na haziishi kazi panya anapokufa. Paka akimla panya aliyekula chambo anakula na kilichomo. Kuiweka pakiti juu ya kabati hakutoshi ikiwa panya wenyewe wanapita chini kwenye ndia.

Basi siku nyingine paka akiugua ghafla, badala ya kubishana kama kilichokuwemo jikoni ni sumu au si sumu, mtajie daktari wa mifugo vitu vitatu: amekula nini, kiasi gani, na saa ngapi. Kama ni kidonge, mpelekee na karatasi yake. Ikiwa ni parasetamoli iko dawa ya kuipinga, asetilisisteini, lakini inafaa mapema, si kesho baada ya kuona ataamkaje.

Na kwa jirani anayeuliza kama ametia sumu kwenye mchuzi: hukutia, mama, mchuzi wako ni mzuri na sisi tutaula. Ila kabla hujaweka vitunguu motoni, kata kinofu cha yule changu, kichemshe kwa maji matupu, toa miba, kiweke kando kipoe. Hicho ndicho cha paka. Sufuria itie maji uifunike na kawa.