Je, wajua kwa nini wanafunzi wa Wing Chun hufanya mazoezi mikono ikiwa imegusana?

Wing Chun ni kung fu ya kusini mwa China. Ukiingia mahali inapofundishwa, mara nyingi utakuta watu wawili wamesimama uso kwa uso, vigasha vimegusana, mikono inazunguka taratibu. Hakuna anayeruka wala kupiga kelele. Zoezi hilo linaitwa chi sao, na bila hilo Wing Chun haijakamilika.

Sababu yake ni umbali. Wing Chun hupiganwa karibu sana, na ngumi haina safari ndefu kabla ya kufika usoni. Hapo jicho huchelewa: ukija kuiona, imeshatua. Mguso huwahi. Mkono wako ukiwa juu ya mkono wa mpinzani, unahisi msukumo ukibadilika pale tu anapoanza kupiga, na chi sao huuzoesha mkono kujibu badiliko hilo bila kusubiri macho.

Anayeanza hutumia mkono mmoja kwanza. Tuseme ni Juma na Asha. Kigasha cha Juma kiko ndani, kiganja kimeelekea juu. Mkono wa Asha umelala juu yake. Juma anageuza kiganja na kukisukuma kuelekea kifuani kwa Asha. Asha anahisi, anakikandamiza kigasha kile chini, kisha mkono wake uleule unatoka na ngumi ya uso. Juma, ambaye hajaachana na mkono huo, anainua kiwiko. Kigasha chake kinalala mshazari na ngumi inapita pembeni. Wanarudi mwanzo, wanarudia, halafu wanabadilishana nafasi. Wakishaizoea, wanahamia mikono miwili, na hapo hakuna tena mpangilio wa kukariri.

Mwalimu makini hutazama kiwiko kuliko ngumi. Kiwiko kinapaswa kukaa mbele ya mwili, karibu na mstari wa kati, yaani ule unaoshuka kutoka puani kupitia kooni na kifuani. Ngumi inayopita hapo ina njia fupi kuliko zote, na kigasha kilichopo hapo kimeshakinga. Mabega nayo yalegee. Aliyekaza misuli hahisi kitu, tena mkono wake mgumu unampa mpinzani mahali pa kuusukumia mwili wake wote. Kinachotakiwa ni msukumo mdogo wa kwenda mbele usiokatika: mkono wa mpinzani ukiondoka njiani, wako unaingia wenyewe.

Ulegevu huo hujengwa katika fomu, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa ambao mtu huufanya peke yake. Fomu ya kwanza ni Siu Nim Tau. Mwanafunzi husimama papo hapo, magoti yamekunjwa, asipige hatua hata moja, na sehemu ya mwanzo hufanywa polepole mno. Wengi hukata tamaa hapo wakitaka kupigana haraka. Wanapoteza sana, kwani chi sao ya mtu asiyeipa fomu hii muda wake huishia kuwa kusukumana tu.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanamjua Bruce Lee. Huyo alijifunza Wing Chun Hong Kong miaka ya 1950 kwa Ip Man, mzaliwa wa Foshan aliyefariki mwaka 1972, na alipohamia Marekani aliendelea kufundisha chi sao.

Hata hivyo, chi sao si pambano. Mpinzani aliye hatua tatu mbali hana mkono wa kuugusa. Hapo macho na miguu ndivyo vinavyofanya kazi. Kwa hiyo fomu ya pili, Chum Kiu, huongeza kugeuka, hatua na mateke, ili mtu ajue namna ya kumfikia mpinzani. Na wenza wabadilishwe mara kwa mara, mrefu kwa mfupi, mzito kwa mwepesi, kwa sababu mkono uliozoea mtu mmoja hujifunza tabia zake badala ya kujifunza kuhisi.