Umeme wa nchi kavu hufika hadi jukwaa la mafuta baharini

Wengi bado wanaamini kwamba jukwaa la mafuta lililo mbali baharini lazima lichome gesi yake lenyewe kupata umeme. Si kweli. Huko Norwei, jukwaa la Troll A linatumia umeme wa nchi kavu tangu 1996.

Imani hiyo ina chanzo chake. Umeme wa kawaida wa gridi ya Ulaya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, na kebo ndefu ya chini ya bahari inabidi ijazwe chaji na kumwagwa kila mara. Kadiri kebo inavyorefuka, ndivyo nafasi ya umeme wa kazi inavyobanwa. Dawa ni mkondo mnyoofu, usiogeuka mwelekeo. Jukwaa la Valhall linaupata hivyo tangu 2013: kebo ya kilomita 292 inatoka Lista, pwani ya kusini mwa Norwei, na kituo kilicho jukwaani kinaugeuza tena uwe wa kawaida. Tabaini za gesi, yaani mitambo inayozungushwa kwa kuchoma gesi, hazihitajiki tena kuzalisha umeme.

Lakini tusichanganye mambo: kinachopungua ni moshi wa jukwaani tu. Mafuta yenyewe, yakichomwa, hutoa hewa ya ukaa ileile.