Kabla hujalipa kodi, fika kwanza uwani

Watu wakienda kuangalia chumba cha kukodi mjini Unguja huuliza kodi kiasi gani, mita ya Tukuza, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya pamoja au kila mtu na yake, basi. Uwani hawafiki. Mimi ni bwana afya wa manispaa, na kazi yangu huanzia huko huko uwani.

Nyumba moja ya Ng'ambo niliyoikagua ina vyumba sita, familia sita na choo kimoja. Kisima kimefunikwa kwa kipande cha bati, ndoo na kamba juu yake. Nilihesabu hatua kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye karo, shimo la maji machafu ya choo: kumi na mbili. Mfuniko wa karo umepasuka, na chini halikusakafiwa, ati lisijae haraka. Bi mkubwa aliyekuwa akiosha mchele aliniambia, "Mwanangu, maji haya tunayanywa miaka yote."

Sikumlaumu. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu, na vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye nyufa na matundu. Mchanga huyachuja maji machafu polepole. Mwamba huu huyapitisha. Kipimo kinachotumika sana baina ya karo na kisima ni mita 30, na penye mwamba hata hizo si dhamana. Masika ikikolea, maji ya chini ya ardhi hupanda yakakutana na ya karo. Waliokuwepo mwaka 2015 na 2016 wanakumbuka kipindupindu kilivyotuhangaisha. Maji ya kisima kama hicho yachemsheni, hata kwa kusukutua.

Mwenye nyumba atasema nyumba ni yake. Ni yake kweli, ila uchafu wake unaingia kwenye matumbo ya watu wengine. Sheria ya afya ya jamii na mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2012 inampa afisa afya nguvu ya kukagua na kuandika notisi yenye muda wa kurekebisha. Notisi ikipuuzwa, kesi huenda mahakamani. Hatutazami karo tu: nyaya zilizofungwa kwa utepe karibu na bomba la kuogea, chumba kisicho na dirisha, na kwa Mji Mkongwe, boriti zilizooza juu ya vichwa vya waliolala.

Najua wengi hunyamaza kwa kuogopa kutolewa. Basi msije mmoja mmoja. Piteni kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, au njooni ofisini wapangaji watatu wanne pamoja. Mmoja huandamwa, nyumba nzima ni vigumu. Risiti za kodi ziwekeni. Na kama dari linavuja, lipigeni picha siku ile ile ya mvua, maana sisi mara nyingi hufika jua limeshawaka na sakafu imeshakauka.