Kwa nini farasi wa mbio fupi ndiye pia bingwa wa kuchunga ng'ombe?

Farasi wa Marekani aitwaye Quarter Horse alipewa jina hilo kwa sababu ya mbio za robo maili, yaani takriban mita 402, ambazo walio hodari zaidi humaliza kwa sekunde 21 hivi. Huyohuyo ndiye anayetegemewa katika ranchi za ng'ombe za Texas, na sababu ni kwamba kazi zote mbili zinadai nguvu ya ghafla kuliko pumzi ya safari ndefu.

Nguvu hiyo inatoka nyuma. Mapaja na makalio yake yamejaa nyuzi za misuli zinazojikunja upesi, ambazo huchoma sukari iliyohifadhiwa humo bila kungoja oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana huchomoka kwa kasi kubwa lakini huchoka mapema, na katika mbio za maili nzima farasi wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio ndefu zaidi, humpita. Ndama anayetoroka kundini naye hakimbii maili nzima. Hukata kona, husimama, hugeuka tena, na farasi mwenye kiwiliwili kifupi, anayeegemeza uzito kwenye miguu ya nyuma, humziba njia kila mara. Katika mashindano ya kutenga ng'ombe, mpanda farasi hulegeza hatamu na kumwachia mnyama aamue mwenyewe, jambo ambalo kwangu linashangaza kuliko kasi yake.

Chimbuko lake ni Virginia ya karne ya 17 na ya 18, ambako walowezi walishindana katika njia fupi zilizonyooka, wakichanganya farasi wa Kiingereza na wale wenye asili ya Kihispania waliofugwa na Wachickasaw, kabila la wenyeji wa Amerika. Janus, dume aliyeletwa kutoka Uingereza mwaka 1756, aliacha alama kubwa katika kizazi hicho. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1940 mjini Fort Worth, na namba ya kwanza katika daftari lake la kuandikisha farasi ikapewa Wimpy, dume wa King Ranch, ranchi kubwa ya Texas.

Tamaa ya misuli mikubwa imekuwa na gharama yake. Impressive, dume aliyezaliwa mwaka 1969 na kusifiwa sana kwa umbo lake, alirithisha kasoro ya jeni inayovuruga chumvichumvi za misuli na kusababisha mitetemeko, udhaifu, hata kifo. Watoto waliozaliwa tangu mwaka 2007 wakiwa wamerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama hawaandikishwi tena na chama hicho.