Kwa nini Vespa haina mnyororo

Mtu akiniletea Vespa ya zamani gereji, injini siigusi kwanza. Nainama nagonga bati la chini, pale inapokaa miguu. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bodi lenyewe ndilo linalobeba kila kitu. Bati hilo likioza, na kwetu Unguja chumvi ya bahari haina huruma, basi uti wa mgongo umekwisha, hata rangi ing'ae vipi.

Wazo hilo limetoka kwenye ndege. Kiwanda cha Piaggio cha Pontedera, Italia, kilikuwa kikiunda ndege za kivita kabla ya kusambaratishwa kwa mabomu. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Enrico Piaggio, mkuu wa kiwanda, alitaka chombo cha bei nafuu cha kuwapeleka watu kazini. Jaribio la kwanza, lililobandikwa jina la Paperino, halikumridhisha, akamkabidhi kazi Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta.

D'Ascanio pikipiki hakuzipenda kabisa. Aliziona chafu, hazikaliki vizuri, na pancha ikitokea ni adhabu. Akaondoa kero moja baada ya nyingine. Mnyororo unachafua nguo? Injini akaiweka ubavuni mwa gurudumu la nyuma, ilizungushe moja kwa moja. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu, mfano wa miguu ya magurudumu ya eropleni, ndiyo maana tairi unalitoa kama la gari. Katikati akapaacha wazi, mtu apande bila kurusha mguu. Mwenye gauni alifaidi kule Italia. Hapa anafaidi mwenye kanzu.

Enrico alipoona kile kiuno chembamba na nyuma palivyojaa, akasema inafanana na nyigu, yaani "vespa" kwa Kitaliano. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iliombwa tarehe 23 Aprili 1946. Injini ilikuwa ya ujazo wa cc 98, mwendo kama kilomita 60 kwa saa. Wengi husifu umbo lake. Mimi nasema umbo lilikuja lenyewe baada ya kero kuondoka.

Mwaka 1948 Piaggio wakaiongezea gurudumu la tatu, wakaiita Ape, nyuki. Kampuni ya Bajaj ya India ikaanza kuunda vyombo vya Piaggio kwa leseni miaka ya 1960. Mtazame dereva wa bajaji anavyozungusha mkono wa kushoto kutafuta gia: Vespa ya 1946 nayo ilibadilishwa gia hivyo hivyo.